Kwa Nini Gesi Nyingine Hupaa Hewani



Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu ameliona tangu utoto wake, na kwa sababu hiyo wachache wamelifikiri. Jambo lenyewe ni hili: kwa nini moshi hupanda juu?

Sisi tunaofundisha walimu twajua kwamba swali gumu halitoki katika karatasi ya mtihani, bali hutoka kinywani mwa mwanafunzi aliyekaa nyuma kabisa. Siku moja tulikuwa tukifundisha namna dunia inavyovuta vitu vyote vije chini: jiwe, embe, tone la mvua, na mtu mwenyewe. Mwanafunzi mmoja akainua mkono akasema, "Bwana Mwalimu, ikiwa dunia yavuta vitu vyote, mbona moshi wa jikoni unapanda?" Tukamjibu upesi, "Kwa sababu ni mwepesi." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hata unyoya ni mwepesi, Bwana Mwalimu, lakini huanguka."

Darasa zima lilitutazama. Jibu letu halikuwa jibu. Lilikuwa neno tu la kufunikia swali. Tukamwahidi kwamba tungemjibu kesho yake. Hayo tutakayowaambia sasa ndiyo tuliyomwambia, pamoja na mengine tuliyoyaongeza baadaye, kwa kuwa tuliona kwamba yaweza kuokoa maisha ya mtu.

Yatupasa kuanza na hewa yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba hewa si kitu, na chumba kisicho na vyombo husema ni kitupu. Sivyo. Hewa ni kitu, na ina uzito. Fikirini sanduku lenye urefu wa mita 1, upana wa mita 1, na kimo cha mita 1. Hewa iliyomo ndani yake, karibu na usawa wa bahari, yapata gramu 1,200, yaani zaidi ya kilo moja. Sasa fikirini darasa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6, na kimo cha mita 3. Hewa ya darasa hilo yapata kilo 170. Wapagazi wawili wangeelemewa na mzigo huo, nasi twapita katikati yake kila siku tukisema hapana kitu.

Mtu mmoja wa Italia, jina lake Evangelista Torricelli, aliandika mwaka 1644 kwamba sisi twaishi chini kabisa ya bahari ya hewa. Miaka minne baadaye, mwaka 1648, Mfaransa Blaise Pascal alimwomba shemeji yake apande mlima uitwao Puy de Dôme, akiwa amechukua kipimo cha zebaki. Kadiri alivyopanda, ndivyo zebaki ilivyoshuka katika kipimo, maana hewa iliyokuwa juu yake ilikuwa imepungua, na uzito wake umepungua pia. Tangu hapo watu wenye elimu hawakuwa na shaka kwamba hewa hutulemea kama maji yanavyomlemea samaki.

Shikeni sana neno hilo, bahari ya hewa, kwa kuwa ndani yake mna jibu letu.

Chukueni kibuyu kitupu, mkizibe mdomo, kisha mkizamishe katika pipa la maji. Mtaona kwamba chapigana na mkono wenu, na mkikiachilia charuka juu. Je, kibuyu kina nguvu yake ya kupanda? La, hakina. Kikiwa hewani huanguka kama kitu chochote. Maji ndiyo yanayokisukuma. Maji huelemea kibuyu kwa pande zote, lakini kadiri mtu ashukavyo, ndivyo maji yanavyozidi kulemea. Basi msukumo unaotoka chini ya kibuyu ni mkubwa kuliko ule utokao juu yake. Tofauti ya misukumo hiyo miwili ni sawasawa na uzito wa maji ambayo kibuyu kimekalia nafasi yake. Sheria hiyo iligunduliwa na Archimedes wa mji wa Syracuse, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Ikiwa kitu ni kizito kuliko maji yaliyoondolewa, kitazama. Ikiwa ni chepesi kuliko maji hayo, kitapandishwa.

Na katika bahari ya hewa ni vivyo hivyo. Unyoya ni mwepesi mkononi, lakini ni mzito kuliko hewa iliyokaliwa nafasi yake, kwa hiyo huanguka, ingawa polepole. Gesi ikiwa nyepesi kuliko hewa ya kiasi kile kile, haiwezi kukaa chini. Hewa iliyo nzito huingia chini yake na kuisukuma juu. Kwa hiyo tulimwambia mwanafunzi wetu hivi: moshi haupandi, hupandishwa. Dunia yauvuta kama ivutavyo jiwe, lakini yaivuta hewa ya kando kwa nguvu zaidi, na hewa hiyo ndiyo inayochukua mahali pa chini.

Labda mtauliza: na moshi umekuwaje mwepesi? Hapo walikosea hata watu mashuhuri. Huko Ufaransa, katika mji wa Annonay, walikuwako ndugu wawili, Joseph na Étienne Montgolfier, wa nyumba ya watengeneza karatasi. Tarehe 4 Juni 1783 walirusha mbele ya watu mfuko mkubwa wa kitambaa na karatasi, uliojazwa moshi wa moto. Mwezi wa Septemba wakarusha kondoo, bata na jogoo. Na tarehe 21 Novemba 1783 watu wawili, Pilâtre de Rozier na marquis d'Arlandes, wakapaa juu ya mji wa Paris. Lakini ndugu hao waliamini kwamba moshi wenyewe una gesi ya namna ya peke yake yenye wepesi, na kwa hiyo walichoma majani makavu na manyoya ya kondoo ili upatikane moshi mzito. Walifanikiwa katika kazi yao, lakini walikosea sababu yake.

Kilichoinua mfuko ule hakikuwa moshi, bali ni joto. Hewa ikipata moto hutanuka. Hewa ya digrii 27 ikipashwa moto hata ifike digrii 87, huongezeka kwa sehemu moja ya tano ya ukubwa wake. Hewa ile ile imekalia nafasi kubwa zaidi; basi kila mita ya ujazo imepungukiwa na karibu gramu 200. Hizo gramu 200 ndizo faida ya yule anayetaka kupaa. Masizi yaliyomo katika moshi ni mzigo mtupu, maana masizi ni mazito kuliko hewa. Kama hamsadiki, utazameni moshi wa vijiji asubuhi ya baridi. Hutoka mapaani ukapanda kidogo, kisha husimama, ukatanda juu ya bonde kama shuka. Umepoa, na uzito wake umelingana na wa hewa ya kando, wala hapana tena wa kuusukuma.

Na hapa twataka kusema neno moja kwa wajenzi wa majiko. Mwenye nyumba akitoboa tundu juu ya paa ili moshi utoke, kisha akaziba kila nafasi ya chini, atashangaa kuona moshi umejaa ndani. Amefungua mlango wa kutokea, lakini amemfungia nje yule mwenye kusukuma. Moshi hutoka juu kwa sababu hewa baridi yaingia chini. Jiko jema lina njia mbili, na dohani ndefu huvuta vizuri kuliko fupi kwa sababu hiyo hiyo.

Tuje sasa kwa gesi ambazo ni nyepesi hata zikiwa baridi. Mwaka 1766 Mwingereza Henry Cavendish alieleza habari za gesi ambayo leo twaiita haidrojeni. Uzito wake ni kama sehemu moja ya 14 ya uzito wa hewa. Siku kumi tu baada ya wale wawili kupaa kwa moto, yaani tarehe 1 Desemba 1783, Mfaransa Jacques Charles alipaa na mwenziwe katika puto lililojazwa haidrojeni.

Gesi nyingine ni heliamu, nayo ni kama sehemu moja ya saba ya uzito wa hewa. Yaani ni nzito mara mbili kuliko haidrojeni. Hapa tulimtega mwanafunzi wetu. Tulimwuliza, "Puto la haidrojeni likiweza kuinua kilo mia, puto la ukubwa ule ule lenye heliamu litainua kilo ngapi?" Akajibu, "Hamsini." Tukamwambia apige hesabu. Mita moja ya ujazo ya hewa ni gramu 1,200 hivi. Ya haidrojeni ni gramu 85 hivi. Toa katika 1,200, hubaki gramu 1,115. Ya heliamu ni gramu 170 hivi. Toa, hubaki gramu 1,030. Basi heliamu itainua kilo 92 au zaidi, wala si hamsini. Kama kupaa kungalikuwa nguvu ya gesi yenyewe, hesabu hiyo isingalikuwa hivyo. Lakini mwenye kuinua ni hewa iliyo nje ya puto, nayo ni ile ile katika maputo yote mawili. Na kama mtu angalichukua puto la namna hiyo mpaka kwenye mwezi, mahali pasipo hewa ya kusukuma, puto lingalianguka kama jiwe.

Kwa hesabu hiyo watu waliunda merikebu za hewani. Mwezi wa Novemba 1917, wakati wa vita, Wajerumani walituma merikebu ya namna hiyo, iitwayo L 59, kutoka Bulgaria ije Afrika ya Mashariki na dawa na risasi kwa askari wao. Ilikuwa na haidrojeni ya mita za ujazo zipatazo 68,000. Ilipita Misri, ikafika Sudan, ikaitwa irudi. Ikarudi ilikotoka baada ya kukaa angani saa 95 bila kutua. Lakini haidrojeni ina ubaya wake: hushika moto upesi mno. Tarehe 6 Mei 1937 merikebu ya hewani Hindenburg iliwaka ilipokuwa ikitua Lakehurst, katika nchi ya Marekani, na watu 36 wakafa. Kwa hiyo leo maputo hujazwa heliamu zaidi, maana haiwaki kamwe.

Hata hapa tumesema habari za kupaa. Lakini sheria ile ile ina upande wa pili, nao ndio uliotufanya tuombe nafasi ya kusema nanyi. Ikiwa gesi nyepesi husukumwa juu, gesi nzito hushuka na kulala chini. Na gesi nzito iliyo maarufu ni kaboni dayoksaidi, ile tunayoitoa katika pumzi zetu. Uzito wake ni mara moja na nusu ya uzito wa hewa.

Jambo hili mwaweza kulijaribu nyumbani. Tieni magadi katika jagi, mkamulie ndimu kadhaa. Yataumuka na kutoa povu; gesi itokayo ni hiyo. Ngojeni kidogo. Kisha washeni kipande kifupi cha mshumaa ndani ya bilauri pana, mkainamishe jagi juu yake kana kwamba mwamimina, lakini msiache hata tone la maji litoke. Hamtaona kitu kikimiminika, ila mshumaa utazimika. Mmemimina gesi kama mtu amiminavyo maji.

Karibu na mji wa Naples, Italia, liko pango dogo liitwalo Pango la Mbwa. Zamani wageni walionyeshwa ajabu yake: mtu huingia akasimama asidhurike, na mbwa aliye miguuni pake huzimia. Gesi yatoka ardhini, nayo hulala chini, na pua ya mbwa i chini. Na sisi watu wa Afrika tunayo habari ya namna hiyo, tena yenye msiba. Karibu na Goma, kando ya Ziwa Kivu, katika nchi yenye milima ya moto, yako mabonde madogo ambamo gesi hiyo hutoka ardhini ikajikusanya, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Wenyeji huyaita mazuku. Mnyama akishuka humo hufa, na mtoto mfupi yumo hatarini kuliko baba yake. Na tarehe 21 Agosti 1986, huko Kameruni, Ziwa Nyos lilitapika gesi nyingi ya namna hiyo wakati wa usiku. Ikateremka mabondeni kama mto usioonekana, ikaua watu zaidi ya 1,700 pamoja na mifugo yao. Wengi waliokuwa wamekaa mahali pa juu zaidi walipona. Hawakuwa na nguvu kuliko wenzao. Tofauti ilikuwa ni uzito wa gesi.

Sasa fikirini kisima kirefu ambacho hakijaingiwa siku nyingi, au shimo la choo, au ghala ya chini ya ardhi. Gesi nzito ikiwamo, haina njia ya kutoka, maana hapana hewa ya kuisukuma juu. Mchimbaji hushuka akiimba. Akifika chini hunyamaza. Mwenziwe humwita, haitikiwi. Huruma ikamshika, akashuka upesi ili amwokoe, naye akanyamaza. Hivyo ndivyo shimo moja huchukua watu wawili, hata watatu, na wa mwisho wote walikufa kwa sababu ya wema wao. Ndugu zetu, msishuke! Mtu afungwe kamba kabla ya kushuka, na walio juu wawe wa kutosha kumvuta. Wazee walikuwa wakiteremsha taa, na ikizimika walijua kwamba mna mauti. Lakini sikilizeni vema: taa ikizimika, msiingie, taa isipozimika, hiyo si hakikisho la usalama, maana ziko gesi zinazoua na taa ikiwaka. Na katika shimo la choo msiteremshe moto kabisa, kwa kuwa mna gesi nyingine iwezayo kulipuka.

Gesi ya mitungi tunayopikia nayo ni nzito kuliko hewa, yapata mara mbili. Ikivuja hulala sakafuni. Basi mkisikia harufu yake, msiwashe kiberiti wala msiguse swichi ya taa. Fungeni mtungi, fungueni mlango, mkatoke nje. Dirisha la juu peke yake halitoshi. Gesi hiyo yataka kizingiti, haitaki dari.

Twamalizia kwa onyo, ili elimu hii isiwe mtego. Mtu aliyesikia maneno yetu aweza kusema, "Basi nitalala juu ya kitanda kirefu, na moshi mbaya wa makaa utapita chini yangu." Ole wake! Jiko la makaa katika chumba kilichofungwa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na uzito wake ni karibu sawa na wa hewa. Haipandi ikatoka, wala haishuki ikalala. Huchanganyika na kujaa chumba kizima, kitandani na sakafuni. Na gesi zikiisha kuchanganyika hazitengani tena zenyewe, kama vile chumvi isivyojitenga na mchuzi. Juu ya gesi hiyo hakuna hila ya juu wala ya chini. Dawa yake ni moja: jiko la makaa lisilale ndani pamoja na watu, hata kama usiku ni wa baridi namna gani.

Yule mwanafunzi wetu alipokwisha kusikia hayo yote, aliuliza swali moja tu: "Bwana Mwalimu, kwa nini hatukufundishwa habari hizi kabla ya habari za maputo?" Hatukuona haya kumwambia kwamba amesema kweli. Tangu mwaka ule, katika chuo chetu, somo hili huanza na kisima, na maputo hufuata nyuma.

Basi, wasikilizaji wetu, ikiwa mwamjua mtu achimbaye visima, au mama alalaye na jiko la makaa karibu na watoto wake, msingoje mpaka mkutane naye kwa bahati. Mwendeeni kesho, mkamweleze.